Mwongozo kamili: kupanga daraja la madhara la bwawa la mgodi binafsi na kukagua usalama wake

Bwawa la mgodi ni lile linalozuiwa na tuta na kuhifadhi tope na maji yanayobaki baada ya kuchenjua madini. Ripoti za mabwawa ya migodi binafsi hurudishwa kwa sababu ileile kila mara. Mwenye mgodi anafika kwenye nafasi ya daraja la madhara, anaandika "chini", kisha anaeleza kuwa tuta limeshindiliwa vizuri, halijawahi kuvuja na lina mlinzi usiku na mchana. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli yote, ila yanajibu swali jingine.

Daraja la madhara halipimi uzima wa tuta. Linauliza hivi: tuta hili likibomoka leo, tope na maji yatamkuta nani? Bwawa jipya lisilo na ufa hata mmoja linaweza kuwa la daraja la juu kwa sababu tu kuna shule bondeni. Bwawa bovu lililo mahali pasipo na mtu wala mto linaweza kuwa la chini. Hali ya tuta hukaguliwa peke yake na huandikwa sehemu yake, na hapa tutaifikia kwenye hatua ya saba.

Hesabu ya mwisho na saini ni za mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa. Lakini kazi kubwa ya kukusanya taarifa ni yako, kwa kuwa mhandisi anakaa siku chache na wewe unalijua bonde mwaka mzima.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze na fomu. Kusanya hivi:

- Michoro ya bwawa kama lilivyojengwa, pamoja na kila nyongeza ya kimo iliyofanyika baadaye. Michoro ya kabla ya ujenzi haitoshi.
- Vipimo vya karibuni vya mpima ardhi: kimo cha tuta, mgongo wake (sehemu ya juu kabisa) na sakafu ya bonde kwa kilomita kadhaa chini ya bwawa.
- Ripoti ya uchunguzi wa udongo wa msingi. Kama haipo, andika wazi kuwa haipo.
- Majibu ya maabara ya maji ya bwawa na ya tope lenyewe: sianidi, asidi, metali nzito.
- Kumbukumbu za mvua, na kumbukumbu za kimo cha maji bwawani.
- Ramani ya mwinuko ya bonde lote.
- Vya kutembea navyo: simu yenye GPS, kamera, futi ya kamba, vigingi, rangi, ndoo ya lita 20, saa ya kuhesabu sekunde, na chupa kadhaa angavu za kioo au plastiki.

Tahadhari kuhusu ramani: data za bure za mwinuko kutoka setilaiti zina pikseli ya mita 30 hivi, na kimo kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Zinafaa kuonyesha bonde linaelekea wapi. Hazifai kuamua kama nyumba iliyo mita mbili juu ya mkondo itanusurika.

## Hatua ya 1: Lipime bwawa kama lilivyo leo

Kimo cha tuta hupimwa kutoka sehemu ya chini kabisa ya ardhi kwenye kitako cha upande wa nje, yaani pale tuta linapokutana na ardhi, hadi mgongoni. Wengi hupima kwa ndani, kutoka juu ya tope, na bwawa la mita 12 linaandikwa mita 4. Kosa hili linaweza kukutoa nje ya sheria bila kujua. Afrika Kusini, kwa mfano, bwawa lenye kimo cha zaidi ya mita 5 na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 50,000 huingia moja kwa moja kwenye usimamizi wa usalama wa mabwawa.

Ujazo ni tope na maji kwa pamoja. Usitoe tope kwa kudhani limekauka. Juu linaweza kuwa na ukoko unaobeba mtu, na chini likawa bado limeshiba maji. Tope la namna hiyo likitikiswa au likilemewa ghafla hugeuka uji na kutiririka.

Andika pia tuta lilivyoinuliwa. Kama kila tuta jipya lilijengwa kuelekea ndani, juu ya tope la zamani, sema hivyo bila kuficha. Njia hiyo ni nafuu na ndiyo iliyo dhaifu zaidi: Chile iliipiga marufuku mwaka 1970, na Brazili ikafuata baada ya bwawa la Brumadinho kubomoka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye kimo, ujazo, njia ya ujenzi, kilichomo ndani, na tarehe ya kila kipimo.

## Hatua ya 2: Kubali kuwa limebomoka

Hapa ndipo wenye migodi hubisha. "Haliwezi kubomoka" si hoja inayokubalika wakati wa kupanga daraja. Unachukulia kuwa limebomoka, kisha unafuata madhara.

Chora hali mbili. Ya kwanza ni siku ya jua, bila mvua, tuta linatoboka au linateleza ghafla. Ya pili ni siku ya mvua kubwa, bwawa limejaa na mto wenyewe tayari umefurika. Hali ya mvua hutoa mafuriko mapana zaidi, lakini mara nyingi ya jua ndiyo inayoua zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa macho na watu wako mtoni wakiendelea na shughuli zao. Daraja hufuata ile yenye madhara makubwa zaidi.

Kama kuna bwawa jingine chini ya lako, lako likilijaza nalo linaweza kuondoka. Hesabu yote mawili kama tukio moja, hata kama la chini ni la jirani.

## Hatua ya 3: Chora njia ya mafuriko

Mhandisi atatumia programu ya kompyuta. Wewe unahitaji makadirio ya kwanza, na yanapatikana kwa kikokotoo cha simu. Fomula ya Froehlich ya mwaka 1995 hukadiria kilele cha mtiririko tuta la udongo linapobomoka:

Q = 0.607 × V^0.295 × h^1.24

V ni ujazo unaotoka kwa mita za ujazo, h ni kina cha maji juu ya sakafu ya pengo kwa mita, na Q ni mita za ujazo kwa sekunde.

Chukua bwawa la mfano: linatoa mita za ujazo 500,000, kina ni mita 12. Jibu ni kama mita za ujazo 635 kwa sekunde. Sasa lipeleke bondeni. Ukikadiria kasi ya mita 3 kwa sekunde, mtiririko huo unahitaji eneo la mkato la mita za mraba 212 hivi. Bonde likiwa na upana wa mita 100, kina ni zaidi ya mita 2. Maji ya kina cha mita 1 yanayokwenda mita 1 kwa sekunde tayari yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Na muda? Nyumba zilizo kilomita 1.5 chini zitafikiwa baada ya sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde chache. Andika namba hiyo pembeni kwa kalamu nyekundu, tutaihitaji kwenye hatua ya nane.

Fomula hii ilitokana na mabwawa ya maji. Tope zito huenda polepole zaidi, hutanda na kusimama. Tope lililoshiba maji hukimbia karibu kama maji. Pia kilele hupungua kadiri mafuriko yanavyosafiri, kwa hiyo kwa kilomita za mbali makadirio haya yanazidisha. Acha yazidishe. Kazi yake ni kukuonyesha wapi pa kwenda kuhesabu watu.

Usisimamishe ramani kwenye mpaka wa leseni yako. Ni kosa la kawaida mno. Ifuate mpaka mahali ambapo mafuriko ya bwawa hayatofautiki tena na mafuriko ya kawaida ya mto, au yanapoingia kwenye ziwa au bahari yenye nafasi ya kuyameza. Kwa bwawa lenye sumu, maji machafu huendelea mbele sana baada ya tope kusimama, kwa hiyo chora mistari miwili: tope linapofika, na sumu inapofika.

Umefaulu ukiwa na ramani yenye mpaka wa mafuriko kwa hali zote mbili, na kila jengo lililo ndani yake lina kina na dakika za kufikiwa.

## Hatua ya 4: Hesabu watu kwa miguu

Kuhesabu mapaa kwenye picha ya setilaiti ni mwanzo tu. Picha haikuonyeshi wachimbaji wadogo wanaosafisha mchanga mtoni, wachungaji wanaoshuka na mifugo kiangazi, kambi ya mafundi wa barabara, wala watoto wanaokatiza bonde kwenda shule. Shuka bonde lote kwa miguu, mara moja mchana wa siku ya kazi na mara moja jioni watu wakiwa wamerudi nyumbani. Rudia msimu ukibadilika.

Uliza wenyeji moja kwa moja: nyumba hii ina watu wangapi wanaolala? Usigawe jumla ya kijiji kwa idadi ya nyumba.

Halafu geuka uangalie nyuma yako. Kundi linalosahaulika kuliko yote ni wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Brumadinho, ofisi na ukumbi wa kulia chakula vilikuwa chini ya bwawa, na wengi wa waliokufa walikuwa wafanyakazi na vibarua wa kampuni. Karakana, stoo, kibanda cha mlinzi, mtambo wa kuchenjua: kila kilicho ndani ya mstari kihesabiwe kwa zamu yenye watu wengi zaidi.

Mfano wetu: nyumba 8 zenye watu 45, na karakana kando ya kitako cha tuta yenye mafundi 30 kwa zamu. Jumla ni 75.

Usipunguze namba kwa kusema watakimbia. Idadi ya walio hatarini ni wote waliomo ndani ya mstari kama hakuna aliyeonywa. Makadirio ya watakaokufa ni hesabu nyingine, ya mhandisi.

## Hatua ya 5: Hesabu visivyo watu

Hapa andika kwa kifupi lakini bila kuruka: chanzo cha maji ya kunywa, mashamba, mifugo, madaraja na barabara, njia za umeme, hospitali, makaburi na maeneo ya ibada, misitu na makazi ya wanyama adimu. Kwa kila kimoja jibu: kikiharibika, kinarudi baada ya miezi, miaka, au hakirudi?

Majibu ya maabara ndiyo yanayoamua sehemu hii. Bwawa la mgodi wa dhahabu lenye sianidi, au tope lenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) linalozalisha asidi likikutana na hewa na maji, linaweza kupanda daraja hata kama bondeni hakuna mtu. Kipimo cha kuanzia: kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sianidi inataka sianidi ya aina inayoachia kwa asidi dhaifu isizidi miligramu 50 kwa lita kwenye maji yaliyo wazi ambayo ndege na wanyama wanaweza kuyafikia. Ukiwa juu ya hapo, tayari una tatizo tuta likiwa bado limesimama.

## Hatua ya 6: Panga daraja

Anza na sheria ya nchi mgodi ulipo. Marekani hutumia madaraja matatu, na matarajio ya kifo cha mtu mmoja tu yanatosha kulipeleka bwawa daraja la juu. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya tope la migodi, kilichotolewa Agosti 2020, kina matano. Sheria ya nchi na kiwango hicho vikitofautiana, mimi hufuata kilicho kikali zaidi, na sijawahi kuona mkaguzi akilalamikia hilo.

Madaraja matano, kwa watu walio hatarini na kwa mafuriko ambayo bwawa linalofanya kazi linapaswa kuyahimili:

- Chini: hakuna mtu, mafuriko ya 1 kwa 200 kwa mwaka
- La kuzingatiwa: 1 hadi 10, 1 kwa 1,000
- Juu: 10 hadi 100, 1 kwa 2,475
- Juu sana: 100 hadi 1,000, 1 kwa 5,000
- La kupindukia: zaidi ya 1,000, 1 kwa 10,000

Kwa tetemeko la ardhi, ngazi za namba ni hizohizo.

Kanuni moja haina mjadala: hakuna wastani. Watu, mazingira, afya na utamaduni, miundombinu na uchumi, kila kimoja kinapewa daraja lake, na lile la juu kuliko yote ndilo la bwawa zima. Mfano wetu wenye watu 75 ni daraja la juu. Maji yake yakiwa na sumu inayoweza kuua mto kwa miaka, linapanda tena, na hakuna aliyeongezeka bondeni.

Wengine huona "1 kwa 1,000" na kupumua: miaka elfu ni mingi. Sivyo inavyosomwa. Kila mwaka una nafasi hiyo upya, na kwa mgodi wa miaka 20 jumla inakaribia asilimia 2. Kwa 1 kwa 200, miaka hiyohiyo 20 inakupa karibu asilimia 10, yaani nafasi moja kati ya kumi. Ndiyo maana daraja la chini la uongo ni hatari kuliko linavyoonekana kwenye karatasi: utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawani, unajengwa mdogo, na hautapanuliwa mpaka siku unapozidiwa.

Je, daraja linaweza kushushwa? Ndiyo, kwa kuhamisha hatari, si kwa kuandika upya. Kuitoa karakana kando ya kitako cha tuta kunawatoa watu 30. Wanabaki 45 na daraja halishuki, lakini mafundi hao hawako tena mahali ambapo onyo lisingewafikia kabisa. Kazi hiyo ni ya trekta na wiki chache, na ningeifanya kabla ya kulipia ripoti yoyote.

## Hatua ya 7: Kagua hali ya tuta, kando na daraja

Tembea mgongoni, ubavuni na kwenye kitako, kila siku kwa bwawa linalopokea tope. Tafuta haya:

Nafasi ya juu. Pima umbali wa wima kati ya maji na sehemu ya chini kabisa ya mgongo wa tuta. Paka rangi kigingi: juu ya mstari huu, pampu ya tope inazimwa. Uamuzi huo usisubiri kumpata bosi kwa simu.

Dimbwi. Maji yakae mbali na tuta, na kati yake kuwe na ufuko mpana wa mchanga. Huko Merriespruit, Afrika Kusini, Februari 1994, bwawa lilifurika juu ya tuta baada ya mvua kubwa, na watu 17 wakafa. Dimbwi likigusa tuta, hiyo ni dharura tayari.

Mvujo. Unyevu kidogo kwenye kitako ni kawaida kwa tuta la udongo. Cha kuangalia ni rangi na wingi. Kinga maji ya mvujo kwenye chupa angavu, iache mahali tulivu kwa saa moja, kisha iinue dhidi ya mwanga. Chini kukiwa na ukanda wa mchanga au vumbi, maji yanabeba tuta kutoka ndani. Piga simu kwa mhandisi siku hiyohiyo. Wingi pima kwa ndoo: ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde. Ikija kujaa kwa sekunde 20 bila mvua na bila maji ya bwawa kupanda, mvujo umeongezeka maradufu, na huenda kuna njia mpya imefunguka ndani.

Nyufa. Ufa unaofuata urefu wa tuta unaweza kuashiria ubavu unaanza kuteleza. Unaokatiza mgongo ni njia ya maji. Piga kigingi kila upande, pima umbali kati yake, andika tarehe, rudi kesho. Usiujaze udongo kabla ya mhandisi kuuona.

Msingi. Macho hayauoni. Mount Polley, Kanada, Agosti 2014, tuta liliondoka kwa sababu ya tabaka dhaifu la udongo wa mfinyanzi chini yake. Kama huna ripoti ya uchimbaji wa sampuli za msingi, hakuna ukaguzi wa juu utakaoiziba nafasi hiyo. Piezometa, yaani mabomba ya kupima usawa wa maji ndani ya tuta, nazo ni lazima, na usomaji wake uchorwe kwenye grafu, usiishie kwenye daftari.

Mashimo ya wanyama, miti yenye mizizi mirefu na mabomba yanayopita ndani ya tuta: andika, piga picha, rekebisha kwa maelekezo.

## Hatua ya 8: Mpango wa dharura unaoshinda saa

Rudi kwenye namba yako nyekundu. Nyumba za mfano wetu zina dakika 8. Mpango unaosema mlinzi ampigie msimamizi, msimamizi meneja, meneja ofisi ya wilaya, na wilaya kijiji, utachukua zaidi ya hapo hata wote wakipokea simu mara moja. Mlinzi awe na mamlaka ya kuwasha king'ora mwenyewe. King'ora kiwe na umeme wake, na kiwe nje ya mstari wa mafuriko.

Weka ngazi tatu za onyo zenye vigezo vya kuonekana kwa macho: mvujo wenye mchanga, ufa unaokua, maji kugusa kigingi chenye rangi. Waonyeshe wanakijiji njia ya kupanda juu, na fanya zoezi moja usiku. Zoezi la saa nne asubuhi lenye wageni na viti halikuonyeshi kitu.

Umefaulu kama mtu wa mwisho kwenye nyumba ya mwisho anafika juu kabla ya dakika zilizo kwenye ramani. Asipofika, kilichobaki ni kuhamisha nyumba au kupunguza maji bwawani.

## Hatua ya 9: Andika, wasilisha, rudia

Faili iwe na ramani, orodha ya kuhesabu watu yenye tarehe, majibu ya maabara, daraja la kila kundi na sababu yake, ripoti ya hali ya tuta, na jina la mhandisi anayewajibika. Sababu ziandikwe kwa namna ambayo mgeni anaweza kuzifuata na kufika kwenye daraja lilelile.

Kiwango cha 2020 kinataka daraja lipitiwe angalau kila miaka 5, au mapema mambo yakibadilika. Yanayobadilisha ni haya: tuta kuinuliwa, kemikali mpya mtamboni, nyumba mpya bondeni, barabara mpya. Nyumba mpya ni za kuangalia hasa, kwa sababu zinaweza kukupandisha daraja wewe ukiwa hujagusa tuta.

Mgodi ukifungwa, bwawa linabaki na daraja lake na linaendelea kukaguliwa. Ukiuzwa, mnunuzi adai faili hili lote kabla ya kulipa, hasa ripoti ya msingi na grafu za piezometa. Muuzaji akisema vilipotea, bei ipunguzwe kwa gharama ya kuchimba sampuli upya, na bwawa lisipokee tope mpaka majibu yatoke.